Kiti cha Picha

Sura ya Lucek ndiyo iliyokipa chama kura. Hakuna mtu wa mji wa Łękowa anayeweza kulikana hilo, ingawa siku hizi ukilitaja wengi hujitia hamnazo na kuanza kuzungumzia theluji. Wakati ule alikuwa mtoto wa miaka kumi, mnene wa mashavu, mwenye macho madogo ya kuchekacheka kama walivyo wengi waliozaliwa na hali ya Down, na pale kwenye bango la uchaguzi alikuwa ameinua uso kama mtu aliyeitwa kula. Chini yake paliandikwa: Kila uhai ni zawadi. Meza ya Nyumbani.

Hilo la Meza ya Nyumbani ndilo jina la chama, na chama chenyewe kilizaliwa jikoni kwa mama yake, Genowefa, mjane aliyekuwa akishona mavazi ya mapadri. Zenon Dratwa, mpiga kinanda wa parokia na baba wa ubatizo wa Lucek, alikuwa hapo jioni hiyo ya Kwaresima pamoja na majirani wachache, wote wakivilaani vyama vikubwa vinavyomkumbuka Mungu wiki mbili kabla ya uchaguzi. Genowefa alikuwa akimenya viazi. Akasema bila hata kuinua kichwa, "Mbona sisi Mkesha wa Noeli tunamwekea sahani mgeni asiyetarajiwa, na hatumuulizi ni nani? Anzisheni chama cha namna hiyo, muone."

Zenon akapiga meza mpaka maganda yakaruka. "Genia, umemaliza kazi! Umetumaliza sote!"

Basi ikawa hivyo. Kila mkutano wa chama ulikuwa na kiti kimoja kitupu, kimefunikwa kitambaa cheupe alichokishona Genowefa, kwa ajili ya yule mgeni. Watu walikipenda kiti kile kuliko hotuba. Vikongwe walikigusa wakipita, kama wanavyogusa sanamu ya mtakatifu. Uchaguzi wa kwanza chama kilipata viti viwili vya baraza. Wa pili kikazoa nusu ya baraza, na Zenon, mtu aliyekuwa akija kuazima sukari kwa Genowefa, akawa meya.

Genowefa hakuomba cheo. Miaka yote hiyo aligonga milango, akashona bendera, akapika supu ya kuwavutia watu chamani baada ya misa, na aliomba kitu kimoja tu: Kituo cha Mchana cha watu wenye ulemavu wa akili kisiguswe. Kilikuwa katika jengo la shule ya zamani, na Lucek, alipomaliza umri wa shule, hakuwa na pengine pa kwenda. Pale alijifunza kutengeneza mishumaa. Alijifunza kukaanga mayai na kupanda basi peke yake, akimwambia dereva "Hadi Kituoni, tafadhali" kwa sauti ya bwana mkubwa. Genowefa alikuwa na moyo mbovu, daktari alishamwambia, na kila usiku aliwaza kitu kimoja: siku nikiondoka, mwanangu awe anajua kupanda basi na awe na mahali basi linapomshusha.

"Kituo?" Zenon alikuwa akimwambia. "Genia, labda wapite juu ya maiti yangu."

Hawakupita juu ya maiti ya mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeinua mkono barazani, mkono uleule uliomshika Lucek juu ya maji ya ubatizo, na jengo likapewa kazi mpya: Nyumba ya Mahujaji, ya kuwalaza wanaokuja kusali parokiani. Chama cha Meza, chama cha Kila uhai ni zawadi, kiliwafungia mlango watu kumi na tisa ambao zawadi yao ilikuwa imeshakua na kuota ndevu. Na walipiga kura hiyo baada ya kusali! Genowefa alikuwa ameketi nyuma, akamfuata Zenon hadi ngazini.

"Zenon. Umefanya nini?"

"Ni kwa heshima ya Mama Maria, Genia. Mahujaji watakuja mpaka kutoka Slovakia. Mji mzima utabarikiwa."

"Na Lucek?"

"Lucek ana wewe."

"Nikifa je?"

Zenon akaangalia saa yake, akasema ana mkutano na askofu.

Damu ilimchemka Genowefa wiki nzima. Lakini alipiga moyo konde, kwa sababu Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya chama kugawana mkate wa Noeli, ule mweupe mwembamba kama karatasi, na desturi ni desturi: unamega mkate wa mwenzako, naye anamega wako, mnatakiana heri, mnasameheana. Asiyekubali kumega ni kama ametema mate altareni. Akajisemea moyoni, huenda Zenon akisimama mbele yangu na mkate mkononi, aibu itamshika.

Ukumbi ulijaa. Nyasi kavu za ukumbusho wa hori la Yesu chini ya kitambaa cha meza, harufu ya uyoga na kabichi, askofu anasubiriwa, mpiga picha yuko tayari. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa. Lucek alichoka kusimama, maana miguu yake ilikuwa ikimvimba, akaangaza macho, akaona kiti kimoja kitupu chenye kitambaa cha mama yake. Akaenda akaketi. Uso ulimng'aa vilevile kama kwenye bango.

Zenon alifika haraka, akitabasamu huku macho yakiwa mlangoni. "Lucek, mwanangu, inuka. Hicho hakikaliwi."

"Cha mgeni," alisema Lucek. "Mimi mgeni, Mjomba Zenon."

"Najua, najua. Lakini hicho ni cha picha. Askofu anaingia sasa hivi. Inuka upesi."

Lucek akainuka. Akakinyoosha kitambaa kwa viganja vyake, taratibu, asiache mkunjo. Akasema, "Samahani."

Hapo ndipo Zenon alipomgeukia mama mtu na mkate wake mweupe. "Genia, nakutakia afya njema na amani..."

"Simegi," alisema Genowefa.

Zenon akamsogelea. "Genia, watu wanatazama."

"Na watazame! Sura ya huyu mtoto mmeibandika kwenye kila nguzo ya mji huu. Mmeingia serikalini mmempanda mgongoni. Leo amekuja na mwili wake mzima, mnene, ana miguu inayouma, mnamwambia ainuke? Mlimtaka wa karatasi tu?" Hakuishusha sauti hata askofu alipotokea mlangoni na theluji mabegani. "Mimi nilisema mgeni. Sikusema pambo."

Akamshika mwanawe mkono wakatoka. Teofila, jirani yake, aliyekuwa katibu wa chama, akauweka mkate wake mezani ukiwa mzima, akawafuata. Wakafuata wengine, na wengine tena.

Baada ya hapo chama kilianguka kwa kasi ya kuchekesha, kama mtu angekuwa na hamu ya kucheka. Waliobaki waligombana nani ana haki ya kiti, wakagawanyika: Meza ya Nyumbani huku, Meza Halisi ya Nyumbani kule, kila upande na kiti chake na kitambaa chake. Uchaguzi ulipofika hawakuambulia hata kiti kimoja cha baraza. Lakini hilo lilimsaidia nini Lucek? Waliochukua mji walisema mkataba wa mahujaji umeshatiwa saini, wanasikitika sana. Mishumaa ikaisha. Lucek akawa wa dirishani, akiyatazama mabasi, na siku moja Genowefa alipomjaribu akakuta ameshasahau namba ya basi lake. Tena alikuwa amepata tabia mpya. Popote alipoona kiti kitupu, kwa daktari, kanisani, aliuliza kwanza kwa sauti ya chini: "Hiki si cha picha?"

Ikaja Noeli nyingine, na nyingine. Mkesha wa mwaka huo Genowefa alipika vyakula vyote kumi na viwili vya desturi kama kawaida, akatandika sahani tatu kwa watu wawili. Nyota ya kwanza ilipoonekana, ndiyo saa ya kuanza kula, mlango uligongwa.

Alikuwa Zenon, amekonda, kofia mkononi, mkate mweupe kwenye bahasha.

"Mjomba!" alipiga kelele Lucek, akamkumbatia.

Genowefa angeweza kumfungia mlango usoni. Mkono wake ulishalitaka komeo. Lakini jioni ile mlango haufungwi, hata kwa mtu wa namna hiyo, na yeye ndiye aliyesema jikoni humo kwamba mgeni haulizwi ni nani. "Ingia," alisema. "Sahani ipo."

Zenon aliingia. Alisifu supu nyekundu, alisifu samaki, alimega mkate na Lucek. Genowefa akaanza kufikiri labda mtu huyu amekuja kweli. Lucek aliketi mahali pake, penye mto wake alioukalia tangu utoto. Ndipo Zenon akakohoa, akatoa simu.

"Genia, kabla hatujaanza kula. Masika kuna uchaguzi wa bunge, tunajaribu kuziunganisha zile meza mbili. Picha moja tu. Sisi watatu na kiti cha mgeni. Watu wanamkumbuka Lucek bado."

Kabla mama yake hajafungua mdomo, Lucek alikuwa ameshalisikia neno. Akaacha kijiko, akasimama upesi, akaunyoosha mto wa kiti chake kwa viganja vyote viwili. Kiti chake, nyumbani kwake.

"Samahani," alisema.

Genowefa akamwekea mikono mabegani, akamrudisha chini kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Kaa, mwanangu. Nyumba hii viti vyote ni vya kukalia." Kisha akaichukua ile simu mkononi mwa Zenon, akaiweka juu ya kabati karibu na pango la Noeli, akammiminia supu mpaka ukingoni mwa bakuli.

"Kula, Zenon. Vyote kumi na viwili, usibakishe. Leo desturi inakulinda. Kesho usigonge."