Jino la Rangi ya Chai

Hebu niambie, umewahi kucheka mdomo umeuziba kwa shungi? Bi Arbia alicheka hivyo miezi minne, tangu mfupa wa ngamia umvunje jino la mbele. Sasa yuko kwa daktari wa meno, Garissa mjini. Daktari Mirriam amekwisha kukichonga kigutu cha jino, anachagua rangi ya kofia ya kukivisha.

“Mwekee nyeupe pe, kama maziwa ya ngamia!” akasema Ayan, bintiye.

“Ayan, jino ni lako?” Daktari akamgeukia mgonjwa, akampa kioo. “Hooyo, mama yangu, wewe wataka ipi?”

Arbia akashusha shungi, akayatazama meno yake mengine, yaliyoingia rangi ya chai kwa maji ya kisima cha kwao Diff, sawasawa na ya marehemu mamake.

“Nataka ya rangi hii hii, daktari. Nikicheka kwenye kioo, nimwone mama.”