Kichwa cha Barua ya Petro

Petro wa ofisi ya Kondoa alishuka basi Jumatatu asubuhi na bahasha ya kaki kwapani. Ndani yake mlikuwa na cheti cha zahanati na maelezo ya kurasa mbili, vyote vya kuthibitisha kwamba hakuwa mtoro. Makao makuu, Makole, yalikuwa yamemtumia barua pepe yenye kichwa: Yah: Onyo la Utoro Kazini. Barua yenyewe ilimwalika kwenye mafunzo ya siku tatu, chai na chakula cha mchana juu ya ofisi. Lakini nani atasoma ya ndani akishaona kichwa kama kile?

Bwana Gaudence, mkuu wa utawala, hakucheka. Hiyo ilikuwa barua ya nne mwezi ule kutoka na kichwa cha barua nyingine, na zote zilipita mikononi mwa Mama Anyesi wa masjala.

"Saa nane nasaini," alimwambia Elieth, mtaalamu wa kompyuta wa ofisi. "Mama anahamia stoo ya Ihumwa, akamalizie huko miezi yake minane iliyobaki kabla ya kustaafu. Ripoti yako mwenyewe inasema kosa la mtumiaji."

Kweli ilisema. Elieth ndiye aliyetengeneza kiprogramu kilichopachikwa ndani ya barua pepe za ofisi. Unabonyeza kitufe cha Sajili, chenyewe kinasoma kichwa cha barua, kinakitia namba ya kumbukumbu na kuituma barua papo hapo. Alikuwa amekijaribu mara mia, kikafanya kazi mara mia. Basi akaandika kosa la mtumiaji, maneno ambayo watu wa kompyuta huyatoa upesi kama daktari mvivu anavyotoa panadol.

Lakini jasho la Petro pale koridoni lilimkosesha raha. Alirudi kwenye msimbo wake, akaongeza kidirisha cha kumwonyesha kila kichwa kinachosomwa. Akaandika Mafunzo, kikasoma Mafunzo. Akarudia mpaka akachoka. Kosa halionekani, na kosa lipo. Mwishowe akabeba kiti chake hadi masjala.

"Shikamoo mama. Niandikie barua moja, nikuangalie tu."

"Marahaba. Haya, angalia."

Mama Anyesi alifungua barua ya zamani ya onyo ili aandike juu yake, kama ifanyavyo ofisi nzima. Akafuta, akaandika mwaliko, akamalizia kwa kubadilisha kichwa, akabonyeza Sajili. Kisanduku cha kichwa kilisema Mafunzo. Kidirisha cha Elieth kilisema Onyo.

Elieth alifikicha macho. Wakarudia, yakawa yale yale. Akachukua kibodi, akaandika barua ile ile kwenye mashine ile ile, kikasoma sawasawa. Akairudisha kibodi kwa mama: Onyo. Akili ilimruka kabisa. Mashine nayo ina chuki na mtu? Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo.

"Mama, mbona kichwa unakiandika mwisho?"

"Sasa nitakiandikaje kabla barua haijasema neno? Masjala tulifundishwa hivyo tangu enzi za taipureta. Unaisoma barua mpaka mwisho, ndipo unaipa kichwa, maana kichwa ndicho kinachoipeleka kwenye jalada lake."

Elieth alitazama skrini. Kishale cha kuandikia kilikuwa bado kinapepesa ndani ya kisanduku cha kichwa. Mama alikuwa amemaliza, lakini programu ya barua pepe ilidhani bado anaandika, na mpaka mtu ahamie kisanduku kingine, maana kubonyeza Sajili hakukuhesabika, ilishikilia maneno ya zamani. Yeye Elieth huanza juu, kwenye kichwa, akashuka chini, kwa hiyo kila mara alikuwa ameshatoka. Majaribio yake mia yalikuwa jaribio moja tu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: hifadhi rasimu kwanza, ndipo usome kichwa. Mama akajaribu mara tano, zote Mafunzo.

"Kosa ni langu, bosi," Elieth alisema saa nane kasoro dakika tano. "Ile ripoti niifute."

"Unajua mkataba wako unaisha mwezi huu?"

"Najua."

Bwana Gaudence alichana barua ya uhamisho. Suala la mkataba likabaki hewani.

Elieth alirudi masjala akiwa tayari kusemwa, kwa sababu alistahili. Mama Anyesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ya Petro niliandika Mafunzo?"

"Uliandika Mafunzo, mama."

"Na zile tatu?"

"Zote uliandika sawa."

Mama alivua miwani, akaiweka juu ya majalada, machozi yakamtoka bila sauti.

"Keshokutwa nilikuwa naenda Mirembe wanipime akili," alisema. "Hata mume wangu sijamwambia."