Jina Kwenye Kadi

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Kahiga alikuwa ameshaanza kukonda. Siku tatu nzima aliacha laptopu za wateja mezani, kibandani mwake mjini Nyeri, akiipangia mfumo wa kuiwasha, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kompyuta kuukuu ya marehemu mzee Wamae, ile ya miaka ya themanini inayochomekwa kwenye televisheni. Watiri, binti wa mzee, alitaka tu kuiona ikiwaka tena. Kahiga alimtaka Watiri, ila hilo hakuwa amelitamka.

Halafu Masinde, mwalimu wa kutoka Kakamega anayefundisha shule ya Gakindu, akajitokeza na kadi yake. Mfumo aliutoa mtandaoni umeshapangwa na watu wengine, michezo ndani, rangi tele. Jumamosi wakakutana sebuleni kwa Watiri. Masinde alimiminiwa chai mara mbili, Kahiga mara moja. Alihesabu.

"Nafasi ni ya kadi moja," Kahiga alisema. "Chagua."

Watiri akaanza na ya Masinde. Ikawaka taratibu, kwa madoido mengi. Mahali pa jina la diski palisomeka WAMAE.

"Niliona iitwe jina la mwenyewe," Masinde akasema.

Ikaja ya Kahiga. Iliwaka upesi, safi, bila kukwama popote. Mwenye macho angejua fundi ni nani. Lakini Watiri hakutazama kasi, alitazama jina: GICHERU.

"Gicheru ni nani?" Masinde akauliza.

Watiri alimjua. Gicheru ni babake Kahiga, na kwa Wakikuyu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa mume. Kahiga alikuwa ameliandika huku akitabasamu peke yake, akidhani amemaliza kazi na posa kwa mkupuo mmoja. Sasa masikio yalimwaka moto.

"Kahiga," Watiri akasema polepole, "hii kompyuta ni ya baba yangu. Na wewe ati umeipatia jina kama mtoto yetu. Mimi mwenyewe hujaniuliza."

Akaichomoa kadi, akamrudishia mkononi, akairudisha ya Masinde mahali pake.

Kilichobaki ni kufunga kifuniko, na Masinde hakujua skrubu zinaanzia wapi. Kahiga akatoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti, akaifungia humo kadi ya mwenzake.