Mama Aliita Upande Gani

Torkild aliketi katikati ya duara la spika, akakitazama chumba kile cha maabara kisicho na mwangwi.

"Mabanda yangu ya nguruwe yalikuwa na heshima kuliko hapa."

"Baba, bado unaweza kughairi," alisema Tilde, binti yake.

"Nipande treni kutoka Svendborg asubuhi yote nije kughairi? Washa mitambo yako, mwanangu."

Tilde alikuwa anamalizia shahada yake ya uzamivu. Alichunguza kero moja ya vifaa vya kusikia: kila kifaa hupandisha sauti kivyake, sikio lililo mbali na sauti likasikia sawa na lililo karibu nayo, na mtu asijue ameitwa kutoka wapi. Masikio ya baba yake yaliuawa na makelele ya nguruwe wakati wa kulishwa. Tilde ndiye aliyemvalisha vifaa, na Gerda, mama yake, alilia kwa furaha mumewe alipoanza tena kumjibu mezani.

Kisha, Novemba iliyopita, Gerda akaanguka kwenye ghala la matufaha nyuma ya nyumba. Aliita. Torkild alimsikia, akakimbia darini, kisha barabarani. Alipofika ghalani, mkewe alikuwa amenyamaza kabisa. Tangu siku hiyo mzee hakulala vizuri. Alitaka kujua kama ni uzembe wake uliomuua mkewe.

"Weka sauti ya mama yako. Najua unayo."

Alikuwa nayo. Gerda alikuwa mwalimu mwenye matamshi safi, na ndiye aliyerekodi maneno ya majaribio, huku akilalamika kwamba amesema "niko huku" mpaka ulimi umekufa ganzi.

"Niko huku," Gerda aliita kutoka kushoto. Torkild akanyoosha fimbo yake ya kutembelea kulia. Aliita nyuma, mzee akaonyesha mbele. Alikosea na kukosea, jasho likimtoka.

Tilde akamvua vifaa na kupandisha sauti ya spika. Sasa fimbo ilikwenda moja kwa moja, kila mara.

Mshiriki haambiwi matokeo, ndiyo desturi ya maabara. Lakini mzee hakuwa mjinga. Alivirudisha vifaa masikioni ili azungumze na bintiye.

"Kumbe ni hivi vidude."

"Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyekuvalisha," alisema Tilde.

"Koma! Ulinirudishia mke wangu mezani. Maji yakishamwagika, mwanangu..." Akavivua tena. "Weka sauti yake mara moja tu."

"Niko huku," alisema Gerda.

Torkild akainuka, akaenda mpaka kwenye spika ile, akaiwekea kiganja.

"Nimefika, Gerda," alisema kwa nguvu, kama asemavyo mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

Lakini mtambo ulijichagulia wenyewe upande unaofuata.

"Niko huku," Gerda aliita nyuma yake.

Mzee akageuka, akaanza kwenda tena.