Tembe ya Antipasi Iliyovuka Mbuga

Esta alikuwa juu ya paa la tembe akianua mlenda wakati lori la operesheni ya vijiji lilipokuja kuwahamisha. Wanamgambo walipakia vitanda, kinu, kuku waliofungwa miguu na mafiga mawili. La tatu lilibaki, kwa sababu Bibi Luciana alikuwa amelikalia, na alikwisha kusema haendi popote mpaka uwele wake ukomae. Kumwinua mzazi wa mtu kwa nguvu ni jambo ambalo hata mgambo mwenye bunduki hulifikiria mara mbili. Antipasi, mumewe Esta, angeweza kumwomba mama yake asogee kidogo tu, lakini akaona haya.

"Nitalirudia," akasema, na lori likaondoka.

Sasa, kwa watu wa huko, nyumba iko yalipo mafiga. Hilo halina ubishi. Mawili yalishushwa kwenye kijiji kipya, upande wa Shelui, mkoa wa Singida. La tatu lilikuwa bado ng'ambo ya mbuga ya Wembere, mkoa wa Tabora. Nyumba ikafanya lililowezekana, ikarefuka. Iliteremka mbugani, ikapita kwenye matope, ikakata mpaka wa mikoa bila kumuuliza mtu, na alasiri ikafika kijijini na nguzo zake zote. Chumba cha kulala kikawa Singida, jiko likawa Tabora. Majirani wakasema tembe ni nyumba ndefu tangu zamani, wakaendelea kufyatua matofali.

Figa moja haliinjiki chungu, kwa hiyo Bibi Luciana aliongezea vipande viwili vya kichuguu, akaendelea kupika. Upande wa Singida mafiga yalikaa baridi, maana hapakuwa na cha kuinjika.

Basi Esta akaijua mikoa miwili bila kutoka nje. Singida kulikuwa na zahanati, shule, na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Ila ardhi ilikauka kama kisigino cha mchungaji. Tabora kulikuwa na mvua, kambare kwa mwenye miguu ya kuwafuata, na uwele wa Bibi uliosimama vizuri. Ila ukiugua huko, shauri yako. Kila asubuhi Esta alivaa kandambili za matairi, akatembea ndani ya nyumba hadi jua la utosi, akafika jikoni. Uji aliomletea mumewe ulifika umeganda.

"Leo umechelewa, mama," Antipasi alisema.

"Mvua imenyesha huko jikoni. Kachukue lile figa la mama yako, uone kama sitawahi."

Antipasi akakoroga uji wake, akanywa.

Lakini Bibi alikuwa anakwisha. Uwele ulikuwa bado mbichi, ghala limebaki vumbi, na mama mtu mzima alikuwa anaishi kwa mlenda mtupu. Esta alimpenda mkwe wake, ukaidi wake na yote, na moyo ulimuuma kuona ile mikono imekuwa vijiti. Akapanga foleni ya yanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unalala wapi, Ndugu Esta?" aliuliza Lazaro, katibu kata wa Singida.

"Hapa."

"Na unapika wapi?"

"Kule Tabora, kwa mama."

"Aa, basi. Unga hutolewa mahali mtu anapopika."

Esta akapita ndani kwa ndani mpaka kwa katibu wa upande wa pili, Ndugu Marko. Huyo alimsikiliza vizuri, akampa kigoda na maji ya kunywa.

"Unga hutolewa mahali mtu anapolala," alisema. "Isitoshe, pale jikoni kwenu watu walishahamishwa wote. Hakuna mtu pale."

Esta alirudi na kapu tupu. Njiani akachuma mlenda uliokuwa umeota ukutani.

Bibi hakufa. Alikataa tu. Uwele ukakomaa, wakavuna, wakapura, na safari hii kulikuwa na chakula cha kuwafikisha masika. Makatibu wakaja siku moja, kila mmoja kwa mlango wa mkoa wake, wakakutana jikoni. Lazaro alifika akihema. Kila mmoja alikuja kuchukua sehemu ya kijiji katika mavuno.

"Kijiji kipi?" Esta akauliza.

"Chetu," wakajibu wote wawili.

"Lakini kwako silali, Ndugu Marko. Na kwako sipiki, Ndugu Lazaro."

Makatibu wakatazamana. Mikoa ile ilikuwa haijapata kuafikiana jambo lolote.

"Mtu akishavuna," Lazaro alisema kwa upole, "huyo ni wa taifa zima."

Wakagawana bila ugomvi. Kila mkoa ulichukua nusu, kwa haki. Wakaisifia nyumba kwa kivuli chake, na kila mmoja akasema ataitaja mkutanoni kama mfano wa makazi mapya.

"Na mimi nitakula nini, wanangu?" aliuliza Bibi Luciana kutoka kwenye figa lake.

Marko akavua kofia, akainama mbele yake kwa heshima zote.

"Shikamoo, bibi. Wewe ulishahamishwa. Hupo."

"Marahaba," Bibi akaitikia, maana salamu ni salamu.

Wakatoka na magunia, kila mtu kwa mlango wake. Esta akakung'uta mkeka wa kupuria, akapata punje za kujaza kiganja, akamwinjikia mtu ambaye hayupo.