Macho ya Duka

Rangi aliyokuwa akiitafuta Lornah ni ile ambayo mtu akikutazama haioni. Usicheke. Ukiwa mjane ambaye mwaka wa msiba haujaisha, na kazi uliyoipata ni ya kuuza vipodozi katika duka la Khairunissa mjini Kisumu, utaitafuta rangi hiyo kwa bidii zaidi kuliko mtu anayetafuta nyumba ya kupanga mtaa wa kitajiri wa Milimani.

Khairunissa hakuwa mtu mbaya. Alimpa Lornah kazi hata kabla hajamaliza kueleza shida zake. Ila sharti lake lilikuwa moja, na alilitaja siku ya kwanza akiwa anapangusa kaunta.

"Lornah, uso mkavu hauuzi kitu. Mteja anaangalia wewe kwanza, halafu chupa. Jipake kidogo tu, ya kila siku, lakini jipake."

Lornah aliitikia "sawa, Madam". Huko Bondo, kwenye boma la marehemu mumewe, neno lilikuwa limeshatoka. Opondo alikufa kwa ajali ya barabarani karibu na Awasi. Walipomaliza kumzika, kaka yake Oketch, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, alisimama mbele ya jamaa akasema wazi kwamba mjane wa nyumba ile hajirembi mpaka maombi ya mwaka yafanyike. Akijiremba kabla, basi ameshamtoa mumewe moyoni na anatafuta mwingine. Aende zake salama, lakini mtoto abaki Bondo alelewe kwao. Mtoto ni Akinyi, binti pekee wa Lornah, ambaye meno ya mbele yaliyong'oka yalikuwa bado hayajaota tena. Hakuna aliyepinga. Rosa, mama mkwe, alikuwa ameketi kwenye mkeka akitazama viganja vyake, na Lornah alihesabu kimya kile kuwa amekubaliana na mwanawe.

Kwa hiyo alichagua rangi kwa woga, kama wengine wanavyochagua dawa. Kila asubuhi kabla wateja hawajaingia alifungua visanduku vya kujaribia, akapaka kope moja, akakimbilia mlangoni kujitazama kwenye jua. Waridi ilipendeza chini ya taa ya duka, lakini nje ilipiga kelele. Kijivu ilimfanya aonekane ametoka kupuliza jiko. Ile yenye vumbi la kumetameta iling'aa kama magamba ya omena, wale dagaa wa ziwani, akaifuta mbio kabla mpita njia hajamwona. Mwishowe akabaki na kahawia tatu ambazo hazing'ai hata kidogo. Moja ilikuwa ya chai ya maziwa, ya pili ya karanga iliyokaangwa, ya tatu ya udongo uliokauka.

Akajinunulia hizo tatu, akajiwekea utaratibu wa kila asubuhi nyumbani. Mafuta mepesi kwanza, poda kidogo puani. Ile ya chai aliipaka kope nzima kwa kidole, ya karanga aliipitisha kwa brashi kwenye mkunjo wa jicho, kisha ile ya udongo akaigusisha pembeni na kuisugua hadi mpaka wake upotee. Wanja mweusi hakuugusa, alitumia penseli ya kahawia, tena kwenye mizizi ya kope tu. Mteja aliyesimama karibu aliona macho yaliyolala usingizi mzuri. Aliyekuwa ng'ambo ya barabara hakuona kitu. Lornah alijipima hivyo kila siku, na kila siku hakuamini.

Khairunissa alimshauri achukue aina isiyotoka kwa maji. Lornah alikataa. Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, alikuwa akiinama kwenye sinki la nyuma ya duka na kuosha uso wote, na alitaka kitu kinachoondoka kwa viganja viwili vya maji. Nusu ya Bondo hununua vitu Kisumu, bwana! Kila mteja aliyesalimia kwa Kijaluo cha upande wa Siaya, iliko Bondo, alimfanya Lornah ainamishe kichwa na kujifanya anatafuta kitu chini ya kaunta. Kwa wakwe alikuwa amesema anauza sabuni na mafuta, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote.

Woga ukikaa na mtu muda mrefu huwa unazoeleka, na hapo ndipo Lornah alipokosea. Ilifika Jumamosi ya kwenda Bondo. Kaburi la Opondo lilikuwa limepigwa simiti na mchungaji angekuja kuliombea. Oketch alisema angewapitia kwa gari lake asubuhi na mapema. Lornah akaamka, akamvalisha Akinyi gauni jeusi, akasimama mbele ya kioo huku akiwaza kama maziwa ya mtoto yamechemka. Mikono ikafanya kazi iliyozoea kufanya. Gari lilipopiga honi alifunga kitambaa cheusi kichwani, akatoka mbio.

Walikuwa wamepita Kisian Akinyi alipojipenyeza katikati ya viti.

"Mama, leo pia unaenda duka?"

"Tunaenda kwa bibi yako, kwa Dani. Kaa vizuri."

"Sasa mbona umevaa macho ya duka?"

Lornah, aliyekaa kiti cha mbele, alishusha kioo kidogo cha juu yake akijifanya anarekebisha kitambaa, akayaona yote. Chai, karanga, udongo, na penseli.

"Macho ya duka ni gani?" Oketch aliuliza, bila kugeuka.

"Ni utoto tu, shemeji. Sikulala vizuri, macho yamevimba."

Oketch alimtupia jicho, akalirudisha barabarani. Lornah aliomba wasimame kidogo Akala amnunulie mtoto maji. "Tumechelewa, Mama Akinyi," Oketch alijibu. "Pastor anangoja." Kufuta kwa kitambaa kikavu asingethubutu, alijua kazi yake. Bila maji, kahawia ile ingesambaa mpaka mashavuni na kila mtu angeiona. Ikiachwa kama ilivyo, huenda isionekane.

Huenda, mradi asilie.

Aliwaza hilo gari lilipokuwa likikata kona ya kuingia bomani, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu simu ya ajali ya Awasi. Maana mjane anayerudi kwenye kaburi la mumewe katika boma lile haingii kimya. Hulia kuanzia langoni, kwa sauti, na wanawake humpokea kwa kilio mpaka kaburini. Akilia, rangi itatiririka na Akinyi ataachwa Bondo. Asipolia, watasema hana uchungu, na mtoto ataachwa vilevile.

Wanawake walikuwa tayari wamejipanga langoni. Walipoona gari wakaanza kumwita marehemu, mwana wa Rosa, "Opondo! Opondo wuod Rosa!" Lornah alishuka, akafunika mdomo kwa mkono, akatoa sauti. Sauti tu. Alijifinya paja kupitia sketi, akahesabu vigingi vya uzio, akafikiria bei ya sabuni. Macho yalibaki makavu kabisa. Agneta, mke wa Oketch, alimwinamia jirani yake, na hakuhangaika kunong'ona.

"Huyu machozi yake yameisha huko Kisumu."

Kaburini ilikuwa jua kali. Mchungaji alisoma, watu wakaimba, Lornah akatazama juu ya vichwa vya watu kwenye paa la mabati la jikoni. Opondo alimjia akilini, naye Lornah akawa akimfukuza. Nisamehe, alimwambia kimoyomoyo, nikikulilia leo wananinyang'anya mtoto wako. Lile lilimuuma kuliko kilio chenyewe. Alitamani kulia kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji.

Akinyi alimponyoka mkononi. Alichutama, akaweka kiganja juu ya simiti, akakiondoa haraka.

"Mama, iko moto. Baba anasikia joto huko ndani?"

Hapo Lornah alivunjika. Kilio kilichokuwa kimefungiwa tangu asubuhi, na pengine tangu siku alipoanza kuinama chini ya kaunta, kilitoka chote bila kuomba ruhusa. Alipiga magoti, akalia mpaka mabega yakamtikisika. Alipopeleka mkono usoni akahisi unanata, akatazama vidole. Vilikuwa vya kahawia. Kwa upande wa kulia, Oketch alikuwa akimkaribia.

Rosa alifika kwanza. Bibi yule, ambaye magoti yalimsumbua na kwa kawaida huinuliwa na watu wawili, alikuwa amejiinua mwenyewe. Alivua leso ya mabegani, kanga nyeupe yenye maua ya bluu, akamfunika Lornah kichwa na uso, akamkandamiza kifuani pake. Kulikuwa na harufu ya moshi na ya tumbaku. Chini ya leso vidole vyake vigumu vilifuta, jicho hili, kisha lile, kwa nguvu kama anayemfuta mtoto makamasi.

"Lia, nyathina, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. Halafu chini, sikioni, "Lia sana, maji isaidie."

Alipomwachilia, uso wa Lornah ulikuwa mtupu na macho mekundu kwa machozi. Rosa akaikunja leso, upande uliochafuka ukaingia ndani, akaibana kwapani. Lornah hakuweza kujua kama ameokolewa au ameshikwa. Mchana kutwa alilitazama kwapa la mama mkwe wake.

Baada ya chakula jamaa walikaa chini ya hema, na Oketch akasimama. Alikuwa mtu wa kusema jambo mbele ya mwenyewe, na hilo tumpe.

"Mtoto alisema kitu kwa gari. Alisema mama yake amevaa macho ya duka. Mimi sikuelewa, lakini sikupenda. Ndugu yangu hajamaliza mwaka. Mama, wewe ndiye umempangusa huyu. Hiyo leso iko na nini?"

Lornah alimvuta Akinyi akambana kati ya magoti yake, akimshika kama kwamba wangekuja kumchukua papo hapo. Alijua leso ikifunguliwa itakuwa na macho mawili ya kahawia katikati, yaliyochorwa wazi kuliko alivyowahi kuyachora mwenyewe.

Rosa aliitoa leso kwapani, akaiweka mapajani.

"Iko na machozi. Unataka kuona, Oketch? Kuja basi. Kuja ukunjue leso ya mama yako mbele ya watu, utafute vile mke wa ndugu yako amelia."

Hakuna mwanamume katika boma lile aliyewahi kugusa leso ya mama yake hadharani, na Oketch hakuwa tayari kuwa wa kwanza. Wazee walikohoa. Agneta akaanza kukusanya sahani.

"Hapana, Mama," Oketch alisema, akakaa.

"Basi mtoto anarudi Kisumu na mama yake. Tuletee chai," Rosa alisema, akimgeukia Agneta.

Jioni, Oketch alipokuwa akikagua tairi, Rosa alimwita Lornah nyuma ya jikoni. Alikuwa na kikapu cha viazi vitamu. Aliviinua viazi vya juu, akaitumbukiza leso, akavirudisha.

"Fua hii huko kwako. Hapa kamba ya nguo inaonekana na kila mtu."

"Mama, ulijua?"

"Nilikuja Kisumu kwa kliniki ya miguu. Nikasema nipite nisalimie. Nikakuona kwa kioo ya duka, unauzia watu, umependeza. Nikaelewa chakula ya mjukuu wangu inatoka hapo. Nikarudi zangu." Alimpa kikapu. "Lakini tafuta ile haitoki kwa maji. Mimi sina leso nyingi, na Oketch haogopi kila siku."

Lornah alirudi Kisumu akiwa amekumbatia kikapu mapajani. Jua lilikuwa limezama nyuma yao na ziwa lilikuwa upande wa kulia, na hakuliangalia. Walipokaribia Kisian, Oketch alitazama kikapu.

"Dani amewapa nini?"

Akinyi, ambaye kule nyuma ya jikoni alikuwa amesimama kando akiona kila kitu, alijibu kabla ya mama yake, kwa sauti tulivu ya mtu mzima.

"Viazi tu, Baba Mkubwa."

Oketch akaridhika, akawasha taa za gari. Lornah alishusha kile kioo kidogo amtazame binti yake. Akinyi alikuwa akimtazama pia, mdomo ameubana, naye alikuwa anaogopa.