Kipa Ndani ya Kabati la Mninga

Usajili wa mwaka huu ulininyima usingizi tangu siku dirisha lilipofunguliwa. Timu yetu ni Randa FC ya hapa Keko, timu ya mafundi seremala, na mie ni shabiki wake kiasi kwamba watu wamesahau jina langu ni Bupe, wananiita Mama Randa. Kazi yangu ni kupiga vanishi na kuuza makabati na vitanda kando ya barabara. Jumapili nikitoka kanisani sipiti nyumbani, naenda uwanjani na gauni langu la ibada.

Sasa niambie, timu gani yenye akili inamwachia Brightson? Nusu ya mabao yetu kafunga yeye. Wakamuuza kwa timu moja ya Mikocheni, eti wanataka damu changa. Haijapita wiki, Praygod, winga wetu, akachukuliwa na Kontena ya Kurasini, watani wetu wanaojidai na hela za bandarini. Hiyo damu changa yenyewe nikaenda kuitazama mazoezini. Mmoja anakimbia vizuri sana, ila mpira anausahau nyuma. Nilirudi nyumbani nimenuna, hata ugali ukanishinda.

Akabaki Romani, kipa. Msimu uliopita hatukushuka daraja kwa sababu ya mikono yake tu, na kila mtu mtaani alijua kuwa Kontena wanamtaka. Basi mwenyekiti wetu, Mzee Adelard, akaamua kufanya wanavyofanyaga viongozi wa mpira hapa mjini dirisha likikaribia kufungwa: mchezaji anafichwa. Anapokonywa simu, anawekwa kwa mtu wa kuaminika, anatolewa saa za mwisho kuja kusaini. Mtu wa kuaminika nikawa mie.

Nikamweka stoo, nyuma ya banda langu, pamoja na fanicha zilizokuwa zinasubiri wateja. Kijana mpole, mtoto wa watu wa Songea, asubuhi shikamoo mama, akila anashukuru. Mara mbili alitaka kuniambia kitu kuhusu Kontena, mara mbili nikamkatiza. Sikutaka hata kulisikia jina hilo kinywani mwake. Niliogopa jamani, siwezi kudanganya. Pikipiki ikisimama nje nashtuka, simu ikilia nashtuka, mteja akiuliza bei ya kitanda namwangalia viatu nijue katokea wapi.

Siku ya mwisho, mchana, kirikuu kikasimama mbele ya banda, hivi vigari vidogo vya kubebea mizigo. Wakashuka vijana wawili. Mmoja kavaa jezi ya bluu ya Kontena, mgongoni jina la Praygod.

Sikusubiri kusikia wamefuata nini. Nikakimbilia stoo, nikamwambia Romani wamekuja. Pale karibu na mlango kulikuwa na kabati kubwa la mbao ya mninga, la mteja wangu Maryambai wa Mikocheni, anamwozesha binti yake Tayyaba. Nikamwingiza humo. Sakafu yangu imeinama na milango ilikuwa inajifungua yenyewe, kwa hiyo nikaifunga kwa ufunguo, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Nikamwambia kupitia upenyo: "Usitoe sauti. Hata wakikuita jina, hata kabati likisogezwa, nyamaza mpaka unisikie mie."

"Sawa, mama," akajibu.

Mzee Adelard hakuwa anapokea simu, kwa hiyo nikatokea mlango wa nyuma nikaenda kumwita kwake, vichochoro viwili tu kutoka kwangu. Nikamkuta amelala. Mpaka atafute miwani, mpaka atafute kofia, mie roho iko mkononi. Tuliporudi kirikuu hakikuwepo, nikamshukuru Mungu. Nikaingia stoo na ufunguo wangu mkononi.

Kabati halikuwepo.

Didas, fundi wangu, alikuwa anapiga msasa bila wasiwasi wowote. Nikamuuliza. Akasema limekwenda Mikocheni kwa Maryambai, si nilisema mwenyewe leo ndiyo siku ya kulipeleka? Wale vijana wa kirikuu ndio wabebaji, yule mbebaji wetu wa zamani gari lake bovu, akawatuma hawa. Nikamuuliza Romani je. Akasema alidhani nimeondoka naye kwa mlango wa nyuma. Vijana walilalamika kabati zito, akawaambia ndiyo mninga huo.

Nikamuuliza wamelipakia vipi. Wamelilaza, milango chini, juu ya magodoro ili vanishi isichubuke, wakafunika turubai na kukaza kamba. Na hiyo vanishi niliipiga mie jana yake, ndani na nje. Mtu mzima ukiinama dakika chache tu kwenye kabati la namna hiyo unatoka machozi yakikutiririka na kichwa kinagonga. Yeye yuko humo kafungiwa, jua la mchana, turubai juu.

Nikakaa chini kwenye vumbi la mbao. Mzee Adelard akavua kofia, akafikiri, akasema: "Lakini humo Kontena hawampati."

Sijawahi kumtukana mtu mzima maishani mwangu. Siku ile nilimtukana kwa Kiswahili na Kinyakyusa, nikadandia bodaboda.

Ukishangaa ya Musa utaona ya Firauni. Nilikuwa nalia kwa sababu ya winga, kumbe kuna kilio chenyewe. Kawawa Road nzima ilikuwa foleni. Nilimwamuru dereva apite katikati ya magari, na kila kirikuu tulichokipita nilichungulia turubai yake. Didas alinipa namba ya yule kijana wa jezi, naipiga, inaita tu, haipokelewi. Nikampigia Maryambai, akasema mzigo haujafika na yeye anausubiri, mbona nahema? Nikashindwa kumwambia. Ningemwambia nini, kwamba kwenye kabati la bibi harusi kuna mtu?

Niliwaza mama yake Romani kule Songea. Niliwaza atakavyonipigia kuniuliza mwanangu yuko wapi. Pale kwenye foleni ya Kinondoni, kichwa kwenye mgongo wa dereva, nilimwambia Mungu aichukue Randa yote, aishushe daraja, aifute kabisa, ila amwachie mtoto wa watu pumzi.

Tuliwakuta Mikocheni getini kwa Maryambai, ndiyo kwanza wanafungua kamba. Muziki wa singeli umefunguliwa mpaka mwisho ndani ya gari, hata honi usingeisikia. Maryambai amesimama pembeni anawagombeza kuhusu kelele. Nikapanda juu ya kirikuu na kanga yangu, nikavuta turubai, nikagonga ubao.

"Romani, ni mie."

Kimya. Nikagonga tena. Kimya. Vijana wakadhani nimechanganyikiwa, nikawaambia walipindue haraka, kuna mtu ndani. Ufunguo ukaniponyoka katikati ya magodoro, nikautafuta nikilia kwa sauti. Nikafungua.

Alikuwa amejikunja, magoti kifuani, shati limelowa chepechepe. Macho wazi, midomo imepauka, vidole vinavuja damu kwa kugonga. Sekunde ile sikuwa na timu wala mtaa. Kisha akakohoa.

Tukambeba mpaka barazani. Maryambai hakuuliza neno, alileta maji, akaleta feni, akamfuta uso kwa upande wa mtandio wake. Nikapiga magoti mbele ya yule kijana niliyemzidi miaka thelathini, nikamwomba radhi. Alikunywa maji taratibu mpaka sauti ikamrudia.

"Mie nilikuwa nabaki, mama," akasema. "Kontena niliwakatalia wiki iliyopita. Ndicho nilichotaka kukwambia."

Akaendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza: "Nilinyamaza ulivyoniambia. Nilidhani ni nyie mnanihamisha. Nilipoanza kugonga, muziki."

Kijana wa jezi ya bluu alikuwa ameshamtambua, amesimama na mikono kichwani kama shabiki aliyefungwa bao. Romani akamtazama, kisha akalitazama lile kabati juu ya gari, milango wazi, linang'aa. Akamuuliza kama wakishashusha wanarudi Kurasini. Akajibiwa ndiyo. Akamuuliza kama ofisi ya Kontena itakuwa bado wazi. Kijana akasema leo ni mpaka saa kumi na mbili.

"Naomba lifti," Romani akasema. "Nikae mbele."

Simu yake ilikuwa kwenye pochi yangu siku zote zile. Nikaitoa, nikaifuta kwa kanga, nikampa. Akaniaga kwa heshima ileile ya asubuhi, akapanda mbele karibu na dirisha, akakishusha kioo mpaka chini.

Kirikuu kilipokata kona, Mzee Adelard akapiga simu. Aliuliza kama kipa bado ni wetu. Nikamwambia anapumua, nikakata.